Mpira wa boling wa plastiki wenye kiini cha uzito: namna ya kuutafuta kwa ajili ya njia kavu ukiwa Unguja au Pemba

Suali linalorudi kila mara kwa wanaoanza boling ni hili: "Nimecheza na mpira mzuri wa resini, unakata kona kabla haujafika hata nusu ya njia. Nikachukua wa plastiki wa pale pale ukumbini, huo haukati kabisa. Sasa ninunue upi?" Anayeuliza hivyo amekutana na njia kavu, yaani sakafu ya kuchezea iliyopungukiwa mafuta, na mipira miwili aliyoijaribu, mmoja umezidi na mwengine umepungua.

Baina ya hiyo miwili upo wa tatu. Ganda lake ni la plastiki, yaani poliesta, na ndani umetiwa kiini cha uzito chenye umbo maalumu. Ganda halishikani sana na sakafu, kwa hivyo mpira unafika mbali kabla ya kukata. Kiini kinausaidia ukate kweli ukishafika. Kazi ni kuupata. Mipira hiyo ni michache, haitengenezwi mfululizo, na maduka huiweka rafu moja na mipira ya spea, yaani ya kuangushia pini zilizobaki baada ya mrusho wa kwanza, ambayo ndani haina kitu cha maana. Hapa nitakuonesha namna ya kuitenganisha, kuiagiza hadi visiwani na kuitobolesha bila kuiharibu.

Nimeandika nikimfikiria mtu anayekaa huku na kucheza akivuka: Dar es Salaam, Nairobi, Dubai, Maskati. Kama umecheza mara moja tu kwenye safari ya harusi na hujui utarudi lini, usinunue mpira bado. Nunua viatu vyako mwenyewe, vitakufaa zaidi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Uzito unaoumudu, kwa ratili. Mipira yote duniani huuzwa kwa ratili, na mwisho kabisa ni ratili 16. Ratili 14 ni kama kilo 6.35, ratili 15 ni kilo 6.8.
- Karatasi ya vipimo vya mkono wako. Hii hutolewa na fundi wa duka la boling, si na fundi mwengine yeyote. Kama huna, ruka hadi hatua ya 7 uisome kwanza, kisha urudi.
- Simu inayorekodi video ya mwendo wa taratibu.
- Bajeti ya mambo matatu: mpira, kutoboa, na usafiri. Wengi hupiga hesabu ya la kwanza tu. Mpira wa plastiki ni rahisi kuliko wa resini, lakini kutoboa na kusafirisha ni bei ile ile, ganda liwe la nini.
- Begi lenye sponji na kitambaa kikavu.
- Mtu upande wa pili, kama utaagiza. Awe anayejibu simu, na awe tayari kufungua boksi na kupiga picha. Mjomba mwenye haraka hafai kwa kazi hii.

1. Hakikisha njia ni kavu kweli

Njia ya boling ina futi 60 kutoka mstari wa faulo hadi pini ya mbele. Mafuta hupakwa kuanzia mwanzo hadi kama futi 40 hivi, na sehemu ya mwisho huachwa kavu kwa makusudi ili mpira ushike na ukate. Kwa hivyo kila njia ina ukavu wake. Tunaposema "njia kavu" tunakusudia ile ambayo hata hizo futi za mwanzo hazina mafuta ya kutosha: mashine haijapita tangu jana, au mchana kutwa watoto wamesherehekea siku ya kuzaliwa juu yake.

Mwombe mwenzako asimame nyuma yako arekodi. Tazama mpira wako unaanza kukata wapi. Ukianza karibu na mishale iliyochorwa sakafuni, futi kumi na tano hivi kutoka mstari wa faulo, hiyo njia imekauka. Mpira ukirudi, pitisha kidole juu ya ganda. Kidole kikitoka kikavu, au na vumbi jeusi bila utelezi, umepata ushahidi wa pili.

Sasa tahadhari. Mpira ukirushwa polepole hukata mapema hata kwenye njia yenye mafuta. Hesabu kwenye video: ikiwa tangu mpira kuguswa na sakafu hadi kugonga pini zinapita zaidi ya sekunde tatu, tatizo la kwanza ni kasi yako, na hakuna mpira utakaolitatua. Rekebisha mwendo wa miguu na urefu wa kubembea mkono, halafu upime tena.

2. Chagua uzito, na uwe macho na mipira miepesi

Mazoea ya mafundi ni kuanza na sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili, kisha kupandisha au kushusha. Mpira uliotobolewa kwa mkono wako huhisi mwepesi kuliko wa ukumbini wa uzito ule ule, kwa sababu huubani kwa nguvu. Ndio maana mtu anayechukua ratili 12 pale ukumbini mara nyingi hutoka dukani na 13 au 14, na mkono haulalamiki.

Hapa pana mtego ambao wauzaji hawausemi mpaka uulizwe. Viwanda vingi huweka kiini chenye umbo katika mipira ya ratili 14, 15 na 16, lakini wakishuka hadi 12 au chini ya hapo hukibadilisha na kuweka kiini cha kawaida. Jina la mpira ni lile lile, rangi ni ile ile, picha kwenye tangazo ni ile ile. Ndani ni kitu chengine. Wanaoumia zaidi ni kina mama na vijana wa skuli, wanaolipa bei ya kiini na kupata bonge la plastiki. Kama unataka ratili 12, suali lako la kwanza kwa muuzaji lisiwe bei. Uliza: "Kwa ratili 12, kiini ni kile kile cha ratili 15?" Akisita, hamia mpira mwengine.

3. Jifunze kusoma namba mbili

Usitafute jina la mpira, tafuta namba. Majina hubadilika kila msimu, na mpira uliosifiwa na mtu wa Dubai mwaka juzi pengine hautengenezwi tena. Namba mbili huandikwa kwenye boksi au kwenye ukurasa wa kiwanda.

Ya kwanza ni RG. Inaeleza uzito umekaa karibu na katikati ya mpira au umesogea kuelekea ganda. Kanuni za USBC, chama cha boling cha Marekani ambacho viwanda vingi hufuata vipimo vyake, zinataka RG iwe baina ya 2.46 na 2.80. RG ndogo, mpira unachangamka mapema. RG kubwa, unachelewa. Kwa njia kavu unataka uchelewe, kwa hivyo tazama mipira ya kuanzia 2.53 kwenda juu.

Ya pili huandikwa Diff, na hii ndiyo inayokuambia kama kiini kipo au hakipo. Ni tofauti baina ya RG kubwa na RG ndogo ya mpira huo huo. Tufe lililo sawa pande zote halina tofauti. Likitiwa kiini chenye umbo, tofauti inajitokeza. Kanuni zinaruhusu hadi 0.060.

Zisome hivi:

- Diff ya 0.015 kushuka chini: ni mpira wa spea. Ndani kuna kipande bapa kama chapati, kimewekwa tu ili matundu yakitobolewa mpira usilemee upande mmoja. Hautakukatia kona ya maana.
- Diff ya 0.020 hadi 0.040, na ganda la poliesta: huu ndio unaoutafuta.
- Zaidi ya 0.045 na ganda la poliesta: ni nadra. Ukiuona, rudi usome aina ya ganda mara ya pili, kwani mara nyingi utakuta ni resini iliyong'arishwa na muuzaji ameiita plastiki kwa mazoea.

Hizo namba mara nyingi ni za mpira wa ratili 15. Kwa uzito mwengine waulize, au tafuta jedwali kamili la kiwanda.

4. Hakiki ganda, kisha tafuta nukta

Maganda unayoweza kukutana nayo ni matatu: poliesta, yurethani na resini. Yurethani iliingia sokoni mwaka 1981 na resini mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kabla ya hapo hata mabingwa walikuwa wakirusha plastiki na raba ngumu. Kwenye njia kavu yurethani huwadanganya wengi. Watu huambiwa ni "laini", wakadhani itafika mbali, kumbe inashika sakafu mapema na kuzunguka pole pole tangu mwanzo. Kwa ukavu tunaouzungumzia hapa, poliesta ndiyo yenye kuteleza.

Baada ya ganda, angalia nukta. Mpira wenye kiini chenye umbo huwa na nukta ndogo ya rangi nyengine, upana wake kama wa ncha ya kalamu nene, mahali ambapo kiini kilishikiliwa wakati wa kumiminwa. Nukta hiyo inaonesha kichwa cha kiini kinaelekea wapi, na fundi hawezi kupanga matundu bila yake. Mipira mingi ya spea haina nukta hii; ina alama ya kituo cha uzito peke yake.

Usiidanganye macho yako na mipira ya kioo, ile inayoonekana ndani na kutiwa fuvu, ua au mpira wa miguu. Hilo ni pambo. Namba za Diff za mipira hiyo kwa kawaida ni za spea. Mtoto ataupenda, lakini hautakufaa kwa kazi yako.

Na huu mchezo wa kuutia mpira kwenye ndoo ya maji ili kujua kama una kiini? Mpira wa ratili 10 huelea hata ukiutosa pale Forodhani, kwa sababu ukubwa wa mipira yote ni takriban inchi 8 na nusu kwa kipenyo, na maji ya ujazo huo yana uzito wa ratili 11 na kitu. Ukielea utaona upande mzito umegeukia chini. Lakini upande mzito haukuelezi umbo la kiini. Mpira wa spea nao una upande mzito. Ni mchezo tu.

5. Muulize muuzaji kabla ya kutuma pesa

Mwandikie kwa lugha anayoielewa, lakini usiache hata moja katika haya:

- Ganda ni la nini? Akijibu "plastiki" tu, mwambie aandike jina lake kamili kama lilivyo kwenye boksi.
- RG na Diff ni ngapi kwa uzito ninaoutaka?
- Tuma picha ya nukta, na picha ya namba ya usajili iliyochongwa kwenye ganda.
- Mpira umetobolewa au haujatobolewa?
- Kama ni wa mtumba: una ufa? Umewahi kuzibwa matundu? Una tundu la nne?

Tundu la nne ni jambo la kuangaliwa. Zamani lilitobolewa ili kurekebisha uzito wa mpira, bila kidole kuingia humo. Tangu tarehe 1 Agosti 2020 kanuni za USBC haziruhusu tundu lisilotumiwa na kidole. Kwa kucheza na jamaa haina neno. Kama una nia ya mashindano yanayofuata kanuni hizo, litalazimika kuzibwa, na gharama hiyo ipunguzwe kwenye bei.

Ukikutana na mpira kwenye lundo la vitu vya mtumba vilivyoshushwa na kontena, Mwanakwerekwe au kwengineko, masuali ni hayo hayo ila muuzaji hatakuwa na majibu. Futa vumbi, soma jina na namba, zitafute kwenye simu hapo hapo. Pitisha ukucha kuzunguka matundu yote. Ukucha ukinasa kwenye mstari mwembamba unaotoka tundu moja kwenda jengine, huo ni ufa, na mpira wenye ufa baina ya matundu huachwa hapo hapo hata ukiuzwa bei ya kikombe cha kahawa.

6. Panga safari ya mpira

Njia nyepesi ni kuubeba mwenyewe au kubebewa na mtu anayerudi. Usitegemee kuutia kwenye mkoba wa mkononi wa ndege. Ratili 15 ni kilo 6.8, na mashirika mengi hukuruhusu kilo 7 tu ndani. Ukijumlisha na begi umeshapita. Halafu kwenye mashine ya ukaguzi tufe zito namna hiyo huonekana doa jeusi, watataka ufungue. Utie katikati ya sanduku kubwa, uuzungushie nguo, na nukta pamoja na maandishi yafunikwe kwa karatasi ili zisikwaruzike.

Weka risiti. Mpira mpya kwenye boksi lake ni bidhaa, na afisa wa forodha wa TRA pale uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume au bandarini Malindi ana haki ya kuuthaminisha. Ukiagiza kwa kontena la pamoja au kampuni ya vifurushi, zungumza na wakala wa forodha kabla mpira haujaondoka huko, akupe makadirio ya ushuru kwa maandishi. Kuna watu wamelipa ushuru na gharama za kuhifadhi zikakaribia bei ya mpira wenyewe, kwa kuwa walianza kuuliza mzigo ukiwa umeshafika.

Nakala ya risiti ibaki kwenye simu hata baadaye. Ukivuka na boti kwenda Dar es Salaam na kitu kinachoonekana kipya, unaweza kuulizwa umekilipia wapi. Anayetoka Pemba kupitia Mkoani au Wete ana safari mbili za kushusha na kupakia. Mwambie mchukuzi ni kitu gani kilichomo kabla hajakirusha, kwa sababu begi la duara huonekana jepesi.

Joto ndilo adui wa njiani. Usiuache mpira kwenye buti la gari lililoegeshwa juani, wala chini ya paa la bati. Ganda hutanuka, kiini hakitanuki kwa kiasi hicho hicho, na ufa unaanza kutoka ndani.

7. Tobolesha panapostahiki

Nasema hili kwa herufi nzito: usimpelekee fundi seremala mwenye keekee. Mafundi wetu wa milango wana mikono ya ajabu, lakini matundu ya mpira wa boling huingia kwa pembe, na kosa la kiasi kidogo sana hukuumiza kifundo cha mkono. Mpira ushikwe na mashine yake, na mkono wako upimwe na mtu anayejua.

Kwa hivyo ushauri wangu kwa mkaazi wa visiwani ni huu: nunua mpira ambao haujatobolewa, na utoboleshe siku utakayokuwepo mwenyewe, kwenye ukumbi wenye fundi. Kumwambia ndugu yako aliyeko Dubai "nitobolee kama wa mkono wako" ni kutupa pesa. Urefu wa kiganja hautokani na ukoo.

Karatasi ya vipimo iwe na haya: umbali kutoka dole gumba hadi kidole cha kati na hadi cha pete, upana wa kila tundu, pembe ya kila tundu, vidole vinaingia hadi kifundo cha kwanza au cha pili, na mahali pa mhimili ambao mpira huuzunguka unapotoka mkononi mwako. Hicho cha mwisho fundi hukipata kwa kukutazama ukirusha, si kwa kukupima umekaa. Piga picha karatasi hiyo, itakufaa kwa mpira wowote baadaye.

Kisha mwambie fundi mpira ni wa njia kavu, na umwoneshe Diff. Umbali baina ya nukta na mhimili ndio unaoamua kiini kifanye kazi kiasi gani: karibu na inchi 3 na 3/8 kinafanya kazi kwa ukamilifu, na nukta ikikaa juu ya mhimili wenyewe au mbali nao zaidi ya inchi 6 kinanyamaza. Mafundi wengine wakisikia "njia kavu" hukimbilia kukinyamazisha. Kwa mpira wa resini wana hoja. Kwa plastiki sikubaliani nao, maana ganda lenyewe limeshapunguza kona. Ukipunguza na kiini umebaki na mpira wa spea wa bei ghali. Omba baina ya inchi 4 na 5, na umwachie fundi robo inchi ya kucheza nayo.

Tobolesha mchana, baada ya kutembea kidogo. Kwa joto letu vidole huvimba, na tundu la dole gumba lililopimwa asubuhi kwenye kiyoyozi litakubana jioni. Liwe na nafasi kidogo, utaijaza kwa tepu maalumu ya ndani ya tundu na kuitoa kadiri siku inavyokwenda.

8. Jaribu kwa utaratibu

Simama pale pale unaposimama kila siku na urushe kwa kasi yako ya kawaida. Usibadilishe mkono kwa ajili ya mpira mpya. Rekodi mirusho ya mwanzo na ulinganishe na ile video ya hatua ya 1: sehemu ya kukata inapaswa kusogea mbele, kupita mishale kwa mbali. Ukiona hivyo, anza kusogeza miguu ubao mmoja mmoja wa sakafu mpaka mpira uingie baina ya pini ya mbele na ile ya pembeni yake.

Jaribu na njia iliyopakwa mafuta muda huo huo, kama ukumbi unayo. Mpira utateleza moja kwa moja hadi mwisho. Hivyo ndivyo unavyotakiwa kuwa. Kwa njia kama hiyo chukua mpira mwengine.

Ukimaliza, ufute kwa kitambaa. Plastiki hainywi mafuta, kwa hivyo maji na sabuni kidogo nyumbani yanatosha. Katikati ya mchezo, kwa mashindano yanayofuata kanuni za USBC, tangu Agosti 2019 kitambaa kikavu ndicho pekee kinachoruhusiwa.

Mambo yakienda kombo

*Bado unakata mapema.* Tazama uso wa ganda. Plastiki hutoka kiwandani iking'aa. Ikishapigwa na kurudishwa na mashine mara nyingi hupata mikwaruzo na kuanza kushika. Mwombe fundi aung'arishe upya. Kama unang'aa na bado unakata, njia imekauka kupita kiasi: sogea ukarushie upande wa katikati, ambako mafuta hupakwa mengi zaidi na huchelewa kukauka.

*Haukati kabisa.* Kwanza hakiki kama ulinunua kiini kweli. Rusha kwenye njia iliyopakwa mafuta mapya kisha utazame duara za mafuta kwenye ganda. Zikitawanyika na kukutana sehemu mbili tu, kiini kinafanya kazi. Zikilaliana zote mahali pamoja, kipo kipande bapa tu ndani, au matundu yalipangwa kukinyamazisha. Kiini kikiwa kizima, paka msasa wa maji namba 2000 mpira mzima sawasawa, nje ya mashindano, ujaribu tena.

*Mtu amekwambia uuloweke kwenye kimiminika cha kulainisha rangi.* Mbinu hiyo ina historia: mwaka 1973 Don McCune alilainisha mipira yake ya plastiki kwa kemikali na akawa mchezaji bora wa mwaka wa PBA, chama cha wachezaji boling wa kulipwa cha Marekani. Kilichofuata ni kanuni za ugumu wa ganda, na leo mpira ulioshuka chini ya 72 kwenye kipimo cha ugumu kiitwacho D haukubaliwi. Kemikali zenyewe hushika moto na mvuke wake ni sumu. Usifanye, khasa ndani ya nyumba yenye jiko la gesi.

*Dole gumba linanasa.* Toa tepu safu moja. Likiendelea kunasa jioni tu, ni uvimbe wa joto; likinasa tangu asubuhi, tundu ni jembamba au pembe si yako, rudi kwa fundi.

*Kidole cha pete kinauma siku ya pili.* Umbali ni mrefu mno. Usivumilie ukidhani mkono utazoea. Tundu huzibwa na kutobolewa upya.

*Unakata vizuri lakini unabakisha pini ya kona.* Kwa plastiki hili ni la kawaida, kwa sababu mpira hugonga kwa upole kuliko resini. Sogea nusu ubao kuelekea katikati uupe pembe zaidi, na uongeze kasi kidogo. Na pini ikibaki, mpira ulio nao mkononi ndio unaofaa kuifuata: uurushe bila kuuzungusha, kiganja kikielekea juu, utakwenda moja kwa moja.

*Hujaupata wa kiini popote.* Chukua wa spea wenye kipande bapa, utoboleshe kwa vidole kuingia hadi kifundo cha kwanza badala ya cha pili. Mshiko huo huupa mpira mzunguko zaidi, na kwenye njia iliyokauka kabisa hata mpira huo utakata ubao mmoja au mbili mwishoni. Ukihitaji zaidi ya hapo, tafuta resini dhaifu iliyong'arishwa, yenye RG juu ya 2.55 na Diff isiyopita 0.030, na umwambie fundi asiiguse kwa msasa.